Jinsi ya kumtambua chozi "mweusi" na kumwandikia jina linaloeleweka

Wadau, kwenye magrupu ya ndege hapa Dar haikosi mtu katupia picha ya kandege keusi kwenye ua la mgomba alafu chini kaandika "hamingbadi mweusi, Mbezi". Jamani, hamingbadi Afrika hamna, wapo huko Amerika tu, huyo ni chozi (kwa Kiingereza sunbird), kandege kanakofyonza maji matamu ya maua. Sasa chozi yupi ndo shughuli, maana wanaoonekana weusi hapa mjini wapo angalau watatu. Mi natembeza watu kuangalia ndege, na huwa nawaelekeza hivi.

Hatua ya 1: tafuta pa kumsubiria. Usimkimbize, kaa karibu na maua. Hibiskasi, mgomba, au mpapai dume (ule ambao watu wanaukata kwa vile hauzai, uacheni bwana, machozi wanaupenda balaa). Bustani ya Mimea kule Posta au chuoni Mlimani pia pako poa.

Hatua ya 2: jua liwe mgongoni kwako. Akiwa kati yako na jua hata chozi wa kijani anaonekana mkaa mtupu. Mng'ao wake unatokana na jinsi vijisahani vidogo sana ndani ya unyoya vinavyorudisha mwanga, so ukikaa pembe mbaya unazima wote. Asubuhi kabla jua halijapanda sana ndo nzuri.

Hatua ya 3: angalia koo na kifua, hapa usiwe na haraka. Ana wekundu mkali kifuani kama kavaa bibu ya mtoto, na kijani kinang'aa kwenye paji? Huyo ni Scarlet-chested Sunbird. Mwili mweusi, paji la kijani, koo la zambarau na wekundu hamna kabisa? Amethyst Sunbird. Alafu kuna yule mdogo, mdomo mfupi, kichwa na mgongo kijani, kifuani ana mkanda wa zambarau na damu ya mzee, tumbo ndo jeusi: Purple-banded Sunbird. Huyu ndo anawapiga watu chenga, kwa mbali unaona kitumbo cheusi tu ushaandika "mweusi".

Hatua ya 4: jike. Majike hawang'ai hivo. Jike wa Amethyst ana nyusi nyeupe inaonekana, wa Scarlet-chested hana na kifua chake kina madoa meusi zaidi. Akija dume pembeni yake kazi imeisha.

Hatua ya 5: jina. "Mweusi" liache, sio kwa ubishi, lishaleta vurugu hata vitabuni: vya zamani hasa vya kusini mwa Afrika huyo wa koo la zambarau wanamwita Black Sunbird, vya saivi ni Amethyst Sunbird, na kuna ndege mwingine kabisa wa Indonesia na New Guinea naye anaitwa Black Sunbird! Ndo maana naweka na jina la kisayansi. Nalo linahama, neno lake la kwanza wote watatu zamani lilikuwa Nectarinia, saivi wawili wakubwa ni Chalcomitra na yule mdogo ni Cinnyris, ila neno la pili linabaki, labda mwisho wake tu ubadilike, kama bifasciata alivyokuwa bifasciatus. So ukitafuta intaneti tafuta kwa neno la pili: amethystina (Amethyst), senegalensis (Scarlet-chested), bifasciatus (Purple-banded). Na hilo senegalensis lisikufanye udhani ni mgeni, Linnaeus, yule mwanasayansi wa Sweden aliyeanzisha mtindo wa majina haya ya maneno mawili, alimpa jina hilo mwaka 1766 kwa sababu ya Senegali, ila ndege yupo mpaka Kigamboni.

Hatua ya 6: ukiposti andika hivi: "Chozi, Chalcomitra amethystina, dume, kwenye mpapai, Kigamboni, saa mbili asubuhi". Kama koo hukuliona vizuri andika "chozi" tu uishie hapo, weka na picha ya ubavuni, wengine watasaidia.