Somo: Kumpokea mwanafunzi mgeni nyumbani kwako

Wengi mmeniuliza kuhusu hawa wanafunzi wa vyuo vya nje wanaokaa na familia zetu muhula mzima. Nimekaa na watano hapa Migosi, Kisumu. Wa kwanza nilimharibu kwa soda. Nilimkalisha kwenye kochi kama hakimu, nikamletea soda kila jioni, na watoto nikawaamuru waongee naye Kiingereza tupu. Baada ya miezi mitatu akapanda ndege akijua "asante sana" na "chai moto". Alikuwa amekuja kujifunza Kiswahili.

Hatua ya 1: Kabla hajafika
Muulize mratibu wa programu anachokula na asichokula, dawa anazomeza, na vitu vinavyomdhuru. Naye aelezwe nyumba ilivyo: maji hutoka siku gani, choo kiko ndani au nje, nani analala wapi. Usione haya. Mgeni aliyeambiwa mapema kuwa ataoga kwa beseni huoga kwa beseni bila neno. Mimi huuliza pia alizaliwa saa ngapi, maana jirani zangu Waluo watataka kumpa jina siku ya kwanza. Kama ni usiku, Atieno huyo. Kama jua lilikuwa linawaka, Achieng'. Mmoja alimpigia mamake Marekani kuuliza.

Hatua ya 2: Neti, maji na ziwa
Hapa msikae na aibu za ugeni. Kandokando ya ziwa malaria iko mwaka mzima. Sisi tuliokulia hapa mwili umeizoea kiasi, lakini anayetoka Ujerumani hana kinga hata kidogo. Neti iwe imefungwa kabla hajafika, isiyo na tundu, na umwonyeshe jinsi ya kuichomeka chini ya godoro.

Wengi huja na dawa za kuzuia malaria, mara nyingi doksi (doxycycline) ya kila siku. Ameze kwa maji mengi baada ya kula, na asijilaze papo hapo, la sivyo itamchoma koo. Doksi pia hufanya ngozi iungue upesi na jua. Wangu wa tatu alirudi kutoka soko la Kibuye mabega yamemwiva kama aliyemwagikiwa maji ya ugali, na sisi tukamcheka. Kumbe ni dawa. Akipata homa yoyote, hata kama anameza dawa zake, apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo. Usimpe Panadol ukamwambia angoje kesho.

Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote dakika moja kamili, kisha yahifadhiwe kwenye mtungi wenye kifuniko. Hayo hayo ndiyo ya kupigia mswaki. Juisi ya barabarani yenye barafu aiache.

Kuhusu ziwa, ufuoni Dunga aende, ale ngege (tilapia), apande boti. Asichovye miguu kwenye maji ya kando yenye magugu. Humo mna konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Atawaona watoto wetu wakiogelea humo na kufikiri unamzidishia. Mwambie watoto hao nao huugua.

Hatua ya 3: Stima na saa
Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240. Chaja za simu na laptopu kwa kawaida zimeandikwa 100-240, hizo hazina shida. Blodraya (ya kukaushia nywele) ya mgeni wangu wa pili haikuandikwa hivyo. Ilitoa moshi na swichi kuu ikaruka tukiwa katikati ya taarifa ya habari.

Saa nazo zina mambo. Nilimwambia mmoja chakula ni saa mbili, akakatiza masomo na kurudi mbio mchana jua likiwa utosini. Mfundishe siku ya kwanza kuwa sisi tunahesabu kuanzia macheo.

Hatua ya 4: Mpe kazi
Mnaijua ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu ni mwiko. Wa pili nilimtia jikoni siku ya tatu, na hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kumtoka. Kitabu chake kilikuwa na "kupika" tu. Kwangu alikuta kuinjika, kuchambua osuga (mnavu), kupeta, kuunga, kusonga, kuepua. Ugali wake wa kwanza ulikuwa na madonge, tukaula. Akikosea ngeli usimkatize. Rudia sentensi yake kwa usahihi ukiendelea na kazi. Akisema "kisu yangu iko wapi", mjibu "kisu chako kiko kwa karai".

Hatua ya 5: Pesa
Posho ya mwenyeji ijadiliwe na mratibu, iandikwe. Usimkope mgeni, wala watoto wasimwombe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Lanet, Nakuru): Huku ni baridi na mbu ni wachache. Neti ya nini?
Jibu: Kweli, Nakuru iko juu, mtahitaji blanketi la pili kuliko sisi. Lakini wanafunzi hawatulii. Wikendi atakuwa Kisumu au Busia. Neti iwepo, na dawa asiziache.

Swali (Kakamega): Wangu hali nyama wala samaki, na mama mkwe ameudhika. Amemchinjia kuku.
Jibu: Mama mkwe aambiwe na mwanawe, si wewe. Mgeni naye apewe kazi ya kuwagawia wengine huyo kuku, heshima ibaki mezani. Mpikie mrenda, kunde na nyoyo (mahindi na maharagwe). Usimfichie mchuzi wa omena (dagaa) ndani ya mboga. Atajua, na hatakuamini tena.

Swali (Mamboleo): Anamwita mama yangu kwa jina lake la kwanza! Nimwambieje?
Jibu: Kwao si utovu wa adabu. Mwambie tu: "Huyu ni Dani," yaani nyanya kwa Kiluo. Wangu wote walipenda kuwa na nyanya. Kwa Waluhya amwite Kukhu.

Swali (Kakamega tena): Anaondoka Ijumaa. Kuna la kufanya?
Jibu: Kama anameza doksi, aendelee wiki nne baada ya kutoka Kenya. Huacha wakiwa uwanja wa ndege, wanaona safari imeisha. Na akipata homa huko kwao, hata miezi imepita, amwambie daktari kwamba aliishi magharibi mwa Kenya, kwa sababu daktari wa huko anaweza kumtibu mafua. Mwandikie kwenye karatasi, uitie ndani ya pasipoti. Mama mkwe ameshapoa?