Leseni ya bodaboda Kigoma: kuanzia lena hadi siku ukigonga mtu

Mdogo wangu alikuwa akibeba dagaa kwa pikipiki kutoka Kibirizi kwenda soko la Mwanga. Asubuhi moja gunia liliyumba, akamgonga mama aliyekuwa anavuka na ndoo ya maji. Ndoo ikabingirika hadi mtaroni. Alisimama, akamnyanyua, akamfikisha hospitali. Polisi walipomwomba leseni akatoa ya daraja D, ya gari dogo. Kwa pikipiki ni kama hakuwa nayo. Sitaki yamkute mwingine, ndiyo maana naandika.

Uwe umetimiza miaka 18, una namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kwa leseni inatosha TIN isiyo ya biashara, nayo haina malipo, usikubali kutozwa.

Jiandikishe shule ya udereva iliyosajiliwa. VETA wapo hapa Kigoma. Kata lena, yaani leseni ya kujifunzia, shilingi 10,000 kwa miezi mitatu. Weka kibao cha L mbele na nyuma, na usipakie abiria. Ukihitimu, peleka cheti cha shule kwa trafiki, mkaguzi akutahini alama za barabarani na uendeshaji. Wapo watakaokuambia cheti kinapatikana bila kukanyaga darasani. Naomba ukatae. Kufunga breki ukiwa na gunia nyuma hakufundishwi na karatasi.

Ukifaulu unapewa cheti cha umahiri, unakwenda nacho TRA, mamlaka ya mapato: fomu, picha, alama za vidole, saini, na ada ya leseni. Kabla hujatoka pale dirishani, soma daraja. Pikipiki ni kundi la A. Daladala na mabasi ni kundi la C. Ukiendesha aina mbili, hakikisha zote zimeandikwa.

Kisha bima. Ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na ndiyo itakayomfikia uliyemgonga. Ukishalipa, hakiki namba ya chombo chako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana stika feki zipo.

Ikitokea umegonga, simama. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakutaka usimame, umsaidie majeruhi na utoe taarifa polisi. Piga 112. Acha pikipiki ilipo hadi trafiki wapime na kuchora ramani ya ajali, isipokuwa kama inazuia kumwokoa mtu. Watu wakianza kuokota mawe, ondoka, lakini nenda moja kwa moja kituo cha polisi ukajieleze. Kwenda kujificha kwa shangazi Ujiji ni kukimbia.

Majeruhi achukuliwe PF3, fomu ya polisi, kwa ajili ya matibabu. Hapa ndipo wengi wanaponzwa na neno "tumalizane". Unatoa elfu ishirini ya dawa, mnapeana mikono, baada ya wiki mbili mguu umevimba na hakuna taarifa popote. Mgonjwa hana pa kudai, na wewe unatafutwa kama uliyekimbia. Kusaidia gharama ni vizuri, ila kuwe baada ya kuripoti, na kuandikwe.

Ndugu wa majeruhi watunze nakala ya PF3, stakabadhi zote za hospitali, namba ya pikipiki na jina la kampuni ya bima. Waulize pia namba ya jalada kituoni, waiandike mahali pasipopotea, kwa sababu kampuni ya bima itataka ripoti ya polisi kabla ya kushughulikia madai.