Kuchagua hema jepesi la kuvuka Mlima Kenya

Anayekusudia kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na kushukia Chogoria, huku akibeba mzigo wake mwenyewe, atafute hema lisilozidi kilo moja na nusu kwa kila mtu, vigingi na kamba zikiwa zimehesabiwa, kwa kuwa wauzaji wengine huziacha nje ya mizani. Turubai tupu ni jepesi zaidi, lakini ukishaupita msitu hakuna miti ya kulifungia. Hema la tabaka moja, yaani lisilo na kitambaa cha pili cha ndani, nalo hupunguza uzito, ila katika kambi ya Shipton, iliyo kwenye mita 4,200 hivi, mvuke wa pumzi huganda ndani yake usiku na kukudondokea asubuhi jua linapochomoza. Kwa hiyo naona tabaka mbili zinastahili gramu zake. Kuhusu kitambaa cha hema, nailoni hulegea ikilowa, na poliesta hulegea kidogo tu. Mahema yanayosimamishwa kwa fimbo za kutembelea hukuondolea uzito wa nguzo, lakini hutegemea sana vigingi, ambavyo haviingii kwa urahisi penye mawe, hivyo beba kamba ndefu za kufungia kwenye mawe makubwa.