Jinsi ya Kuchagua PLC na Mtengenezaji Wake kwa Kituo Kidogo cha Pampu za Maji

PLC ni kompyuta ya viwandani inayosoma ishara za swichi na sensa, ikatekeleza programu, kisha ikawasha au kuzima mota, vali na taa, na kurudia mzunguko huo mara nyingi katika kila sekunde. Modicon 084 ya mwaka 1969, mojawapo ya PLC za mwanzo kabisa, ilizaliwa Marekani wakati General Motors ilipotafuta kifaa cha kuondoa paneli kubwa za relei, yaani swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa umeme, ambazo zilidai kufungwa waya upya kila utaratibu wa uzalishaji ulipobadilika. Mwongozo huu unafuata kazi moja tu, nayo ni pampu mbili zinazovuta maji kisimani na kujaza tangi la juu.

Kabla ya kufungua katalogi yoyote, andika orodha ya ishara zote. Kila pampu inahitaji ishara ya swichi iliyowekwa upande wa kujiendesha, ishara ya kontakta (swichi kubwa ya umeme inayowasha mota) kuthibitisha kwamba imefunga kweli, na ishara ya kinga ya mota inapokata kwa sababu ya mzigo mkubwa. Kwa pampu mbili hizo ni sita. Ongeza kitufe cha dharura, kitufe cha kufuta hitilafu, relei inayochunga fezi tatu, swichi ya kiwango cha chini kisimani, na swichi mbili za tangini, ya juu na ya chini, ndipo utapata ishara 12 za kuingia. Za kutoka ni kontakta mbili, taa nne na king'ora, yaani 7. CPU 1214C, PLC ya familia ya Siemens S7-1200, ina milango 14 ya kuingiza na 10 ya kutoa, kwa hiyo inatosha na akiba inabaki. Usinunue PLC inayojaa siku ya kwanza, kwa sababu kituo cha maji hakikosi kuongezewa kitu baadaye.

Ishara zinazopanda na kushuka zinahitaji uangalifu zaidi. Kipima kina cha maji kwa kawaida hutoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20, ilhali milango miwili ya namna hiyo iliyojengwa ndani ya 1214C hupokea volti 0 hadi 10. Utalazimika kununua moduli ya nyongeza, au kupitisha mkondo huo katika rizista ya omu 500, ambapo miliampea 4 huwa volti 2 na miliampea 20 huwa volti 10. Faida ya kuanzia 4 ni kubwa: tangi tupu halifanani na waya uliokatika, kwa kuwa waya ukikatika mkondo hushuka hadi sifuri. Andika programu itambue hali hiyo, ipige king'ora na kusimamisha pampu, kwani bila hivyo itadhani tangi ni tupu na kuendelea kusukuma maji hadi yafurike.

Kwa upande wa kutoa, chagua kati ya relei na transista, swichi ya kielektroniki isiyo na migusano. Relei hukubali umeme wa aina zote mbili, AC na DC, lakini migusano yake huchakaa. Transista ni ya haraka na hudumu, ila katika S7-1200 hubeba nusu ampea tu kwa volti 24. Kwa pampu zinazowashwa mara chache, relei inafaa. Hata hivyo, weka relei ndogo ya kati kabla ya koili ya kontakta (waya uliosokotwa unaoivuta ifunge), ili hitilafu ya koili iharibu kifaa cha bei nafuu na si PLC yenyewe.

Sasa ndipo uzungumzie watengenezaji. Siemens ni ya Ujerumani, Rockwell Automation yenye chapa ya Allen-Bradley ni ya Marekani, Schneider Electric inayomiliki Modicon ni ya Ufaransa, Mitsubishi Electric na Omron ni za Japani, na Delta ni ya Taiwan. Zote zinaweza kuendesha pampu mbili bila shida, na kwa maoni yangu kubishana juu ya ubora wa chapa kwa kazi ndogo kama hii ni kupoteza muda. Uliza badala yake: nani aliye karibu anaijua programu yake, leseni yake inalipiwa au ni ya bure, na moduli ya akiba itafika baada ya muda gani? Uliza pia kama familia hiyo bado inaendelezwa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3 kimeainisha lugha za kuandikia programu, ukiwemo mchoro wa ngazi unaopendwa na mafundi wa umeme, lakini hilo halimaanishi kwamba programu ya Siemens itahamia kwenye Omron bila kuandikwa upya. Kinachounganisha chapa tofauti kwa urahisi zaidi ni Modbus, itifaki (utaratibu wa vifaa kuwasiliana) iliyotolewa na Modicon mwaka 1979. Hakikisha PLC yako inaielewa.

Kitufe cha dharura kikate umeme wa koili za kontakta moja kwa moja kwa waya, na PLC ipewe taarifa tu. Usiiachie PLC ya kawaida peke yake usalama wa mtu aliyeinama juu ya mota. Tumia mgusano unaobaki umefungwa wakati wa kawaida, ili waya ukikatika mashine isimame.

Usimalize malipo kabla mkandarasi hajakukabidhi faili la programu linaloweza kuhaririwa, lenye majina na maelezo ya kila ishara, pamoja na nywila zote na toleo la programu iliyotumika. PLC nyingi za zamani hazihifadhi maelezo hayo ndani yake, na fundi atakayekuja baadaye ataona namba tupu. Siku ya makabidhiano, fungua faili hilo kwenye kompyuta yako mwenyewe, uunganishe na PLC, kisha mbele ya mkandarasi chomoa waya wa kila sensa, mmoja baada ya mwingine, ukiangalia kituo kinafanya nini.