Kununua sanaa za mikono Oaxaca, Mexico: geuza kwanza, uliza bei baadaye

Mji wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, umejaa maduka ya sanaa za mikono kuanzia uwanja wa Zócalo hadi kanisa la Santo Domingo. Vitu vizuri vimo na vya ovyo vimo, mara nyingi kwenye rafu moja. Karibu kila kitu kinatoka kijiji cha jirani kinachojulikana kwa kazi yake: huku mazulia, kule vinyago, kwingine vyungu. Vijiji hivyo hufikika kwa teksi ya kuchangia.

Kanuni moja inatawala hatua zote hapa chini: kitu kigeuze, ukione mgongo na kitako chake, ndipo uulize bei. Ukishasikia bei kwanza, macho hayakagui tena, yanapiga hesabu.

Hatua ya 1: Panga siku kwa kufuata barabara

Barabara ya 190 inakwenda mashariki: Teotitlán del Valle (mazulia ya sufu, kilomita 30 hivi), kisha Tlacolula, yenye soko kubwa la Jumapili. Barabara ya 175 inakwenda kusini: San Bartolo Coyotepec (vyungu vyeusi, kilomita 12 hivi), San Martín Tilcajete (vinyago vya rangi), kisha Ocotlán, ambako soko ni Ijumaa. Kwa hiyo mashariki nenda Jumapili, kusini Ijumaa. Arrazola (vinyago) na Santa María Atzompa (vyombo vya udongo vya kijani) viko karibu na mji, upande wa magharibi, na nusu siku inavitosha.

Teksi za kuchangia hupatikana karibu na soko la Central de Abastos. Jina la kijiji huandikwa kwenye kioo cha mbele. Ukikodi gari na dereva, mwambie mapema jina la karakana unayoitaka. Asipoambiwa atakupeleka kwenye karakana inayomlipa kamisheni, na kamisheni hiyo imo ndani ya bei utakayotajiwa.

Kama tarehe ni za kuchagua, epuka Jumatatu za sherehe ya Guelaguetza mwezi Julai na siku za Wafu mwanzoni mwa Novemba. Sherehe zenyewe ni nzuri mno, lakini kwa mnunuzi ni msongamano, na vitu vingi huwa vimechongwa na kupakwa kwa haraka.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza tazama tu

Tembelea duka la ARIPO, la taasisi ya sanaa za mikono ya jimbo, na duka la MARO, linaloendeshwa na ushirika wa mafundi wanawake. Andika bei za vitu vitatu vinne vya aina unayoitaka, pamoja na vipimo vyake kwa sentimita. Bei bila kipimo haina maana: mtungi wa sentimita 20 na wa sentimita 30 si kazi moja. Jumba la makumbusho la sanaa za jadi lililoko San Bartolo Coyotepec linafaa kupitiwa kabla ya kununua, kwa kuwa linaonyesha kazi za hali ya juu za kijiji kile na za jimbo zima.

Hatua ya 3: Pesa

Beba peso taslimu, noti za 50, 100 na 200. Noti ya 500 kijijini mara nyingi haina chenji. Toa pesa mjini kwenye ATM ya benki, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nchi yako, kataa. Acha benki yako ibadilishe. Karakana kubwa hupokea kadi, nyingine huongeza asilimia kadhaa juu yake, kwa hiyo uliza kabla hawajapitisha.

Hatua ya 4: Mazulia ya Teotitlán

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiwe na haraka.

Tandika zulia sakafuni. Pima upana sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Kwa zulia la sentimita 80 kwa 150, tofauti ya sentimita moja ni kawaida ya mkono wa binadamu. Ikipita 2 au 3, uzi haukuvutwa sawasawa, na zulia hilo litainua pembe na kuwakwaza watu.

Ligeuze. Ufumaji wa Teotitlán hutoa picha ileile pande zote mbili. Ukikuta mgongo una gundi, kitambaa kilichobandikwa au picha iliyofifia, hilo halikufumwa hapo. Kisha liinue ulitazame kwenye mwanga wa mchana. Mwanga ukipenya kila mahali, ufumaji ni mlegevu na zulia litalegea zaidi likikanyagwa. Vitundu vichache pale rangi mbili zinapokutana kwa mstari wa wima si kasoro. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Ni sufu au akriliki? Omba kipande cha uzi wa kufumia kutoka kwenye kibonge, sentimita 5 zinatosha, ukichome nje. Sufu huwaka kwa shida, hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, hunuka plastiki na hubakiza tone gumu. Kosa la kawaida ni kuchoma uzi wa matamvua. Matamvua ni mtande, nyuzi za urefu zilizotandikwa kabla ya kufuma, na mara nyingi huwa za pamba hata kwenye zulia safi la sufu. Unachokikanyaga na kukilipia ni mshindio, uzi unaopita kwa upana. Huo ndio wa kupimwa.

Sasa rangi. Karibu kila karakana itakuonyesha wadudu wa kochinili, wanaokua kwenye mipungate, wakisagwa kuwa unga mwekundu. Fundi ataweka unga kiganjani, atakamulia ndimu ugeuke rangi ya machungwa, ataongeza chokaa ugeuke zambarau. Si kiinimacho; kochinili hubadilika kwa asidi na chokaa. Ila maonyesho hayo yanathibitisha rangi iliyo kiganjani, si iliyo kwenye zulia linaloning'inia nyuma yake. Omba uzi mwekundu uleule uliofumia zulia unalolitaka, udondoshee ndimu. Kochinili itaelekea machungwa. Rangi ya kiwandani kwa kawaida haitatikisika. Usijaribu juu ya zulia lenyewe, utaliharibu na utalilipia.

Bluu ya nili ya asili, ukiisugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, huweza kuacha alama hafifu. Hilo linavumilika. Nyekundu inayoacha waridi nzito haikusuuzwa vya kutosha na itachuja siku ya kwanza ya kufuliwa. Zulia la rangi za kiwandani si zulia baya, na wafumaji wengi husema wazi kwamba ndizo walizotumia. Ubaya ni kulilipia bei ya kochinili.

Hatua ya 5: Vinyago vya mti wa copal

Hawa wanyama wa ajabu wenye nukta na mistari ya rangi huitwa alebrije. Jina lilianza mjini Mexico City mwaka 1936 na Pedro Linares, aliyewatengeneza kwa karatasi na gundi. Uchongaji wa Oaxaca ulipata umaarufu kupitia Manuel Jiménez wa Arrazola. Mbao ya copal ni laini na nyepesi, huchongwa ikiwa mbichi, kisha huachwa ikauke kabla ya kupakwa rangi. Kinyago kidogo huhitaji wiki kadhaa, kikubwa miezi.

Tatizo lake ni hapo hapo. Oda zikiwa nyingi, mbao hupakwa rangi kabla haijakauka, nayo hupasuka baadaye sebuleni kwako. Anayevijua vinyago vya Mombasa vilivyochongwa kwa mti mbichi anaujua ugonjwa huu. Kinyanyue: kikiwa kizito kuliko umbo lake, au cha baridi mkononi kuliko vya jirani yake, kiache. Muulize fundi «¿Está seca la madera?», yaani mbao imekauka?

Kisha simamisha kinyago mezani na ukiguse. Kikiyumba, mguu mmoja ni mfupi. Chomoa masikio, mkia na pembe, kwa kuwa mara nyingi huchomekwa kwa vijiti ili visafirishwe kwa urahisi. Vikikaza sana usilazimishe, mwachie fundi. Vipige picha kabla ya kuvifunga, la sivyo nyumbani utabaki ukikisia sikio lipi la upande upi. Chungulia ndani ya masikio na chini ya tumbo: fundi makini amepaka hadi huko, na jina lake limeandikwa kitakoni. Mipasuko iliyozibwa kwa unga wa mbao na gundi ni jambo la kawaida, mradi iwe imezibwa kabla ya rangi, si juu yake.

Vitundu vidogo vyenye vumbi kama unga ni dalili ya wadudu wanaotoboa mbao. Ukifika nyumbani, funga kila kinyago kwenye mfuko wa plastiki na ukiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi kipate joto la chumba. Unyevu utatua nje ya plastiki badala ya juu ya rangi.

Hatua ya 6: Vyungu vyeusi vya Coyotepec

Udongo wenyewe ni wa kijivu. Weusi unatokana na tanuri kuzibwa ili moshi ubaki ndani, na mng'aro unatokana na kusugua chungu kwa jiwe la kwatzi kabla hakijakauka kabisa, mbinu iliyopewa umaarufu na Doña Rosa katika miaka ya 1950. Futa kitako kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka cheusi kama dawa ya viatu, chungu kimepakwa. Gonga ukingo kwa kucha: sauti ya wazi ni nzuri, sauti butu inaficha ufa. Vilivyotobolewa matundu ya urembo havitoi sauti ndefu hata vikiwa vizima, kwa hiyo hivyo vikague kwa macho, tundu kwa tundu.

Chungu kilichong'arishwa hakihifadhi maji. Kitavuja na kuacha alama mezani. Ukitaka maua mabichi, weka glasi ndani yake.

Hatua ya 7: Vyombo vya chakula na sumu ya risasi

Mng'aro wa jadi wa vyombo vingi vya udongo vya Mexico, ukiwemo ule wa kijani wa Atzompa, ulitengenezwa kwa oksidi ya madini ya risasi, na bado wapo wanaoitumia kwa sababu huyeyuka kwenye joto dogo la tanuri la kuni. Risasi hutoka kwenye chombo kwa asidi na joto: ndimu, nyanya, ukwaju, achari, siki. Watoto na wajawazito ndio huumia zaidi, na kuchemsha chombo hakuiondoi.

Tafuta maandishi «sin plomo» au «libre de plomo», yaani bila risasi, uliza pia kama tanuri hilo limewahi kuchoma vyombo vyenye risasi, maana mabaki yake huhamia kwenye vipya. Vijiti vya kupimia risasi hugeuka waridi au vyekundu vikiigusa, ila kijiti kisichogeuka si kibali cha kupikia. Ukiwa na shaka, nunua chombo kwa ajili ya ukutani, na kitoboe tundu ili mgeni asije akakipakulia mchuzi.

Hatua ya 8: Bei

Kwenye karakana, aliyekitengeneza yuko mbele yako, na bei ya kwanza mara nyingi ni ya haki. Punguzo huja kwa idadi: panga vitu vitatu pamoja, uliza «¿Cuánto por los tres?», yaani vyote vitatu ni bei gani, kisha nyamaza. Sokoni asilimia kumi hivi hupatikana bila ugomvi. Kutaja nusu ya bei, kama ilivyozoeleka kwenye masoko mengine ya watalii, hapa huchukuliwa kuwa matusi.

Kwa pete na mapambo ya madini ya fedha, tafuta muhuri wa 925, alama ya fedha halisi. Neno «alpaca» kwenye pete ni shaba, nikeli na zinki bila chembe ya fedha, na sumaku haitakusaidia kutofautisha kwa sababu vyote viwili kwa kawaida haviishiki.

Hatua ya 9: Kufunga mzigo

Zulia lizungushe, usilikunje. Chungu cheusi kifunge kwanza kwa karatasi laini, jaza tumbo lake nguo, zungushia plastiki ya viputo mara mbili, kisha kiweke ndani ya boksi lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande iliyojazwa ikakaza. Tikisa boksi, ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Vyungu viende nawe kwenye mzigo wa mkononi ikiwezekana.

Kabla ya kukubali kutumiwa kwa kampuni ya usafirishaji, piga hesabu ya ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 40 hutozwa kama kilo 16, hata kama ndani kuna kinyago cha kilo 2.