Namna ya kuondoa dhana potofu kuhusu ubongo katika kikao cha walimu

Dhana potofu haiondoki kwa kukemewa. Huondoka mwalimu anapopata njia bora ya kufundisha badala ya ile aliyoizoea. Kwa hiyo mwezeshaji wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, awe katika wilaya ya Bahi, Chamwino au Kongwa mkoani Dodoma, aandae kikao kitakachozaa andalio la somo la kufundishwa juma hilohilo.

Kwanza, walimu waandike bila majina iwapo wanakubali kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo, kwamba wapo watu wa ubongo wa kushoto na wa kulia, na kwamba kila mwanafunzi huelewa zaidi akifundishwa kwa mtindo wake wa kuona, kusikia au kutenda. Asiwepo wa kuaibishwa, kwani katika utafiti wa mwaka 2012 zaidi ya walimu 9 kati ya 10 waliohojiwa Uingereza na Uholanzi waliikubali dhana hiyo ya tatu.

Mbili za mwanzo zisichukue muda. Sehemu zote za ubongo hufanya kazi, na kiungo hicho chenye takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Pande zake mbili nazo zina kazi zinazotofautiana kiasi, lakini hushirikiana katika kila somo.

Mitindo ya kujifunza ndiyo ijadiliwe kwa kina, kwa sababu ndiyo inayoharibu maandalizi. Ni kweli watoto hutofautiana: mmoja haoni ubao vizuri na anapaswa kuketi mbele, mwingine hakuelewa mada iliyotangulia. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi kwa mitindo. Mwalimu mwenye darasa kubwa anayejilaumu kwa kutoandaa somo moja kwa njia tatu anabeba mzigo asiostahili kuubeba.

Kinachoamua njia ni mada yenyewe. Katika somo la ramani ya mkoa wa Dodoma, hata mtoto anayeitwa "wa kusikia" lazima aone kwamba Kondoa iko kaskazini na Mpwapwa kusini-mashariki. Kesho yake mwalimu achore ramani tupu ubaoni, wanafunzi wafunge madaftari na kuinakili kwenye karatasi na kujaza majina ya wilaya kwa kumbukumbu, kisha wasahihishe. Zoezi lirudiwe baada ya juma moja, kwani kukumbuka kwa vipindi vilivyoachana huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma mfululizo.

Karatasi hizo ziletwe katika kikao kinachofuata zikiwa zimefunikwa majina ya wanafunzi, na walimu waombwe kutambua zipi ni za watoto "wa kuona" na zipi za "wa kusikia". Zoezi hilo si utafiti, lakini litawawezesha kujadili kazi za wanafunzi wao wenyewe na kuamua ni wilaya zipi zinahitaji kufundishwa upya.