Ukishamwomba Mungu, nenda na tarehe mkononi

Kama wiki hii unaenda kuomba ruhusa kwa bosi, soma kwanza Nehemia sura ya 2. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, kule Shushani. Habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka zilimfikia mwezi wa Kisleu, naye akamwomba mfalme ruhusa ya kwenda kuujenga mwezi wa Nisani. Ni miezi minne hivi ya maombi, na naamini pia ya kupiga hesabu, maana mfalme alipotaka kujua atarudi lini, alitaja muda. Akaomba barua za kumpitisha kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati, na nyingine kwa Asafu, mtunza msitu, apewe miti ya malango. Hata jina la mtunza msitu alikuwa nalo! Hapo huwa naguswa sana.

Basi ukiinuka kwenye magoti, andika: unaondoka lini, unarudi lini, nani atashika kazi zako, barua ipi isainiwe. Ukiulizwa swali la ghafla, fanya kama yeye mbele ya mfalme: sala fupi ya moyoni, kisha jibu.